Sauti ya Kumi na Tatu

Otilia Kihwele alifika kliniki na sauti kumi na mbili, zimepangwa, kila moja na namba yake na saa yake. Daktari Chengula alikipokea kinasa sauti kwa mikono miwili, kama mtu aliyeletewa kuku wa zawadi, akasema hajawahi kuona kazi safi namna ile.

"Wazazi wengine huniletea simu iliyorekodi harusi nzima," alisema. "Halafu wananiambia, humo humo daktari, utakiona kilichomtisha mtoto."

"Mimi ni fundi mitambo," Otilia alijibu. "Kurekodi ndiyo kazi yangu."

Hakuwa anajisifu. Kwenye kiwanda cha mbao kule Mafinga alizunguka kila asubuhi akisikiliza beringi za misumeno, apate kujua ipi itakufa wiki ijayo. Chuo kilimpa stashahada. Koo alipewa na kiwanda, maana katikati ya misumeno sita anayenong'ona hajasema kitu. Baada ya miaka kumi na moja koo lile lilikuwa limehamia nyumbani. Alipomwita mtu kutoka jikoni, majirani watatu waligeuka.

Mwanawe Twilumba, mwenye miaka saba, alikaa kwenye kiti cha kliniki na vifuniko vya masikio vya kiwandani, vya mtu mzima, vilivyobanwa kwa raba visimtoke kichwani. Alikuwa navyo tangu ana miaka mitatu. Mlio wa kengele ya shule ulimwingiza chini ya dawati, na mashine ya kusaga ilimtapisha. Muhula uliopita alikaa darasani siku tisa tu. Mwalimu wake, mama mwenye huruma, alisema mtoto akipoteza muhula mwingine kama ule atakuwa amefuatwa na kupitwa na wadogo zake, na hilo nalo litamuuma.

Kwa hiyo walikuwa Iringa, mbele ya daktari mrefu, mpole, mzaliwa wa Makete, anayeongea kana kwamba kuna mgonjwa amelala chumba cha pili.

"Twilumba, utavua vifuniko nikuvike hii," alisema. "Ukitaka iishe, inua kidole kimoja. Hutatakiwa kusema kwa nini."

Ilikuwa kofia ya kufumwa, kama ile ya kujikinga na baridi ya Juni, ila kwa ndani ilishonewa vishikizo thelathini na viwili vinavyosoma umeme mdogo wa ubongo. Kwenye kioo ukutani ukaonekana mche wa mpaina, kijani, umesimama wima.

"Mche huo ni wewe," daktari alisema. "Ukitulia unakua. Ukishtuka unainama."

"Nani anaumwagilia?" Twilumba aliuliza.

"Wewe mwenyewe."

Akamgeukia Otilia. "Hakuna dawa wala sindano, na mashine haimwamuru chochote. Ubongo haujawahi kujiona ukishtuka. Tukiupa kioo ukajiona, unaanza kujirekebisha, kama wewe unavyoweka sawa kilemba ukipita mbele ya dirisha. Tunaanza na sauti ndogo, tunaongeza. Leo lakini tunapima tu. Nataka nijue ipi inamuuma zaidi."

Akabonyeza. Chini ya mche ulipita mstari mwembamba mwekundu, na Otilia alikaa mbele kidogo kwenye kiti. Mistari aliijua. Alikuwa ameisoma kuliko alivyosoma magazeti.

Sauti ya kwanza ilikuwa msumeno mkubwa. Mstari uliruka, mche ukalala chini kabisa, kisha ukaanza kujiinua taratibu wakati msumeno bado unalia. Ya pili ikawa mashine ya kusaga ya jirani. Mstari ukaruka, mche ukalala, ukajiinua. Ya tatu, kengele ya shule, ikafanya vilevile. Twilumba alikuwa ameshika mikono ya kiti, macho kwenye mche, na kidole hakukiinua.

"Rudisha nyuma," Otilia alisema.

"Tungemaliza kwanza, mama."

"Rudisha ya pili. Sekunde sita kabla ya mashine kuanza kusaga."

Daktari alimtazama, kisha akarudisha. Safari hii akazielekeza sauti kwa Otilia peke yake. Kwenye spika ndogo ya sikioni Otilia akajisikia mwenyewe, sauti ya kiwandani, kavu na pana: *Sauti ya pili. Mashine ya kusaga, kwa Mama Ngailo. Saa mbili na dakika kumi.* Ndipo mashine ikaanza.

Ilikuwa kanuni ya kazi. Fundi haanzi kipimo bila kutaja mtambo na saa, rekodi zisije zikachanganyika. Aliitaja kwenye beringi elfu, akaitaja na kwenye maumivu ya mwanawe bila kufikiri. Na mstari mwekundu ulikuwa umeruka kwenye neno "Sauti". Ulipofika kwenye mashine ya kusaga ulikuwa tayari unashuka.

Aliomba ya kwanza. Aliomba ya tatu na ya nne. Hakuomba ya tano.

"Basi," alisema. "Beringi imepatikana."

Kiwandani ndivyo ilivyokuwa siku zote. Watu huulaumu msumeno kwa sababu ndio unaoonekana, kumbe kinachopiga kelele ni kitu kilichofungwa nyuma yake.

"Wewe ulishaiona," alimwambia daktari.

"Kwenye ya pili."

"Ungeniambia."

"Nilikuwa natafuta namna ya kusema."

"Namna ipi? Ungesema, mama, ni wewe."

Daktari Chengula alikuna shingo. "Mama, ni wewe," alisema, kwa upole uleule, na Otilia akajikuta anampenda kidogo.

*

Fomu ilikuwa na nafasi mbili za dole gumba, moja ya mzazi na moja ya mtoto. Sheria ya miaka ile ilisema ubongo wa mtu haufundishwi kitu bila mwenyewe kukubali, na mtu alihesabiwa kuwa mwenyewe tangu miaka saba. Watu wengi waliona ni mzaha. Daktari Chengula aliiweka fomu mezani katikati, sawa kwa sawa, kama sahani ya watu wawili.

"Njia fupi ipo," alisema. "Sauti yako iko kwenye rekodi zote kumi na mbili. Hatuhitaji kitu kingine. Tukiziacha hivi, ubongo wake utaizoea pamoja na misumeno na kengele. Wiki nane, na huenda hata saba. Atavua vile vifuniko na kukaa darasani."

"Na nikimwita?"

"Atasikia."

"Najua atasikia. Nimeuliza nikimwita."

Daktari alifikiri. "Atasikia kama unavyosikia mvua ukiwa ndani. Utajua inanyesha. Hutainuka."

Otilia aliukumbuka ukungu wa Juni ya mwaka jana.

Kiwandani kwao magogo yalibebwa na magari yasiyo na dereva, ya umeme, yenye matairi laini, ambayo wafanyakazi waliyaita paka kwa jinsi yanavyotembea. Mwanzoni kila paka alifungwa filimbi. Filimbi zililia mchana kutwa, paka akiwa mbali, akiwa karibu, akiwa amesimama, mpaka watu wakazizoea kama walivyozoea nzi. Baada ya mtu wa tatu kuvunjwa mguu huku filimbi inalia pembeni yake, kiwanda kilizing'oa zote na kurudi kwenye koo la binadamu. Anayemwona paka kwanza anaita "Gogo", na aliyeko njiani anaruka hadi kwenye mstari mweupe. Haulizi.

Juni ile Twilumba alikuwa ameleta chakula na baba yake, akatangulia. Otilia alimwona katikati ya njia, hatua arobaini mbele, vifuniko masikioni, na nyuma yake ukungu unafunguka kumpitisha paka mwenye magogo tisa. Aliita mara moja. Sauti ilipenya vifuniko, na mtoto akaruka pembeni kama panzi. Matairi yakapita alipokuwa amesimama.

Koo lililokuwa likimuumiza ndilo lililombakiza hai.

"Na njia ndefu?" aliuliza.

"Urekodi upya, wewe usiwemo. Tumfundishe zile kumi na mbili, sauti yako tusiiguse kabisa. Itabaki kumwita, na itabaki kumuuma. Siwezi kuondoa moja nikaacha nyingine. Ubongo wake haujui tofauti ya 'gogo' na 'leta chumvi'. Zote ni mama anapiga kelele."

"Kwa hiyo ama haniitikii ama anaumia."

"Kwa mashine yangu, ndiyo."

Alipenda kwamba hakulizungusha. Akavuta kiti mpaka magoti yake yakagusana na ya mwanawe, akashusha sauti. Ilitoka na mikwaruzo, kama bomba lililokaa bila maji.

"Twilumba. Sauti yangu inakuuma?"

Mtoto alitazama miguu yake. Alikuwa amelelewa. Mtoto aliyelelewa hamwambii mama yake jambo kama hilo mbele ya mgeni.

"Hapana, mama."

Ukutani mstari mwekundu uliruka hadi juu.

Daktari Chengula aliinuka upesi kuliko alivyofanya kitu chochote asubuhi ile, akazima kioo. Kisha akamvua mtoto kofia na kuiweka kwenye droo.

"Samahani, Twilumba," alisema. "Nilisahau kuizima. Hiyo haikuwa haki. Mtu ana haki ya kudanganya kwa adabu."

Otilia alimtazama mtu yule. Alikuwa amekutana na mafundi wengi wenye vipimo vizuri. Aliyezima kipimo kwa heshima ya anayepimwa hakuwahi kumwona. Akaamua hapo hapo kwamba mwanawe ameangukia mikononi mwa mtu.

"Kioo kimezimwa," alimwambia mtoto. "Sasa niambie utakavyo. Hata uongo."

Twilumba alifikiri kwa muda mrefu. Alikuwa na tabia ya kufikiri kwa muda mrefu, na mama yake alikuwa na tabia ya kumkatiza. Safari hii mama hakumkatiza, alihesabu pumzi.

"Inauma ikitoka mbali," Twilumba alisema mwishoni. "Ukiwa hapa inauma kidogo tu. Nikiwa nacheza naingoja. Kuingoja ndiko kunakouma sana."

"Unaingoja?"

"Kwa sababu huja wakati wowote."

"Na ile ya siku ya gogo?"

"Ile haikuuma." Mtoto alikunja uso akitafuta neno. "Ile ilinisukuma."

Daktari aliacha kuandika.

Otilia alirudi nyuma kwenye kiti chake. Alifikiria filimbi zile, zilivyokuwa zinalia kwa kila kitu mpaka zikawa hazilii kwa lolote. Mwanawe hakuwa amemzoea. Wengine nyumbani walishamzoea. Baba yake Twilumba angeweza kuitwa mara nne huku anakata kucha. Mtoto mmoja tu ndiye aliyekuwa bado anaruka kila filimbi inapolia, miaka saba, bila kukosa. Watu waliita ule udhaifu. Kiwandani mfanyakazi kama yule wangempa cheti.

"Futa zote," alisema.

"Mama, fikiri. Njia ndefu itakula miezi. Na kule nyumbani..."

"Nyumbani ni kazi yangu. Wewe chukua misumeno, mimi nachukua koo." Akasukuma fomu kwa mwanawe. "Ya kwetu ni njia ndefu. Unakubali au hukubali?"

Twilumba alisoma fomu yote, kidole chini ya kila mstari, wakubwa wawili wakisubiri. Kisha akauliza kama wino wa dole gumba unatoka ukinawa.

*

Alirekodi upya wiki ile ile. Safari hii aliandika namba na saa kwa chaki kwenye mabanzi ya mbao, akayapanga ukutani, na mdomo akaufunga. Wenzake walijaribu kuufungua.

"Fundi, leo umemeza kufuli?"

"Mwacheni, anafanya novena ya kimya."

Aliwaonyesha banzi lililoandikwa *Nendeni kazini*, wakaenda wakicheka.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na kazi. Kanuni aliyojiwekea ilikuwa fupi: ukitaka kumwambia mtu jambo, mfuate. Ndipo alipogundua kwamba hakuijua nyumba yake. Kutoka jikoni hadi banda la kuku kuna hatua thelathini na moja. Kutoka bandani hadi chumba cha mtoto, kwa kuzunguka tangi, hamsini na nne. Siku ya pili miguu ilimuuma, na mambo mengi aliyokuwa amezoea kuyasema yalionekana hayastahili safari.

"Nyumba imekuwa seminari," alisema Kastuli, mumewe, akiwa ameketi na redio yake ndogo. "Mama Twilumba, hata mimi unanitisha."

"Nikikuita ulikuwa unaitika?"

"La."

"Basi hujapoteza kitu."

Siku ya tatu alisahau. Maji yalikuwa yanamwagikia moto na koo likatoka lenyewe, *Twilumba, sufuria*, na uani kikombe kikaanguka. Alipofika alimkuta mtoto ameinama, mikono masikioni, chai inaingia kwenye mchanga. Hakusema pole kwa sababu pole zake nazo zilikuwa na kelele. Alichuchumaa, akaokota kikombe, akangoja. Ilichukua muda. Kuku walikuja wakaonja ile chai wakaondoka.

"Hii haikuwa ya gogo," Twilumba alisema hatimaye.

"Haikuwa."

"Ulikosea."

"Nilikosea."

Siku ya tisa alikosea tena, na ya kumi na nne. Baada ya hapo hakukosea.

Kila Jumanne walikwenda Iringa. Kupitia dirisha la kioo Otilia alimtazama mwanawe akiwa na kofia ile, mgongo wima, anaukuza mche wake. Mashine ya kusaga ilimchukua wiki tano, na kengele wiki tatu. Msumeno mkubwa ulimtoa machozi Jumanne nne mfululizo, na mara zote nne hakuinua kidole. Jumanne ya tano mche uliyumba, ukasimama. Mtoto akajifuta pua kwa mkono wa sweta.

"Ongeza," alimwambia daktari.

"Tumefika mwisho wa leo."

"Ongeza kidogo, niuone ukiwa mkubwa."

Daktari Chengula aligeuka akamtazama Otilia upande wa pili wa kioo. Kuna watu wazima wanaolipwa kukaa karibu na msumeno ule, nao hukimbilia chai saa nne kasoro.

*

Juni ilipofika Twilumba aliingia kiwandani bila vifuniko, kwa mara ya kwanza. Ni yeye aliyetaka. Alikuwa amemaliza nusu muhula darasani, na alitaka kuuona msumeno uliomliza.

Alimwamkia Mzee Kiwovele, mfagiaji wa maganda, ambaye alimwitikia na kumwonyesha njia kwa ufagio, kisha akaendelea kufagia. Otilia alibaki mlangoni pa karakana na banzi lake la siku. Asubuhi ilikuwa ya ukungu. Misumeno ililia yote sita na mtoto alisimama akiisikiliza, uso umekunjamana kidogo, kama mtu anayeonja maziwa mgando ya nyumba nyingine.

Paka alitokea nyuma ya rundo la tatu. Magogo saba. Mzee Kiwovele alikuwa ameinama katikati ya njia akichomoa msumari kwenye ganda, na Twilumba alikuwa hatua tano mbele yake, mgongo ukiwa kwa paka.

Otilia alikuwa na koo lisilotumika kwa siku themanini na moja.

"Gogo."

Alilitoa lote. Kwenye paa la karakana njiwa waliondoka. Mzee Kiwovele aliruka kushoto na ufagio wake. Twilumba aliruka kulia, akatua juu ya mstari mweupe, miguu pamoja, na paka akapita katikati yao bila kumjua yeyote.

Mikono ya mtoto ilikuwa imefika nusu ya njia kwenda masikioni, ikabaki hapo, hewani. Otilia alianza kutembea. Hakukimbia wala hakuita tena. Alikuwa amebakiza hatua kama ishirini pale Twilumba alipogeuka, akamtafuta kwenye ukungu, akashusha mikono na kuiweka nyuma kama alivyofundishwa. Miaka yote ile mama yake alikuwa hajawahi kumwita kutoka mbali akajibiwa.

"Abee, mama," alisema Twilumba.

Mzee Kiwovele alicheka mpaka akaegemea ufagio. "Ameitwa gogo, ameitika," alisema. "Fundi, huyu umemlea."

Otilia alimaliza zile hatua ishirini. Alichuchumaa juu ya mstari mweupe, akasema kwa sauti ya karibu kwamba hakuwa na jambo lingine, alikuwa anamwita tu.